Kiharusi kidogo: kutoka Garsen hadi ndani ya fuvu

Leo naweka kando habari za programu, ingawa mtaona hatuendi mbali na kompyuta.

Mjomba wangu anaishi Garsen. Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka na maneno yakakataa kutoka. Kufikia adhuhuri alikuwa mzima. Watu wakasema ni upepo mbaya umempitia, naye akaenda zake shambani. Wiki chache baadaye upande wa kulia ukalegea, na mpaka leo haujarudi. Alipopigwa picha ya ubongo Mombasa, tulionyeshwa alama mbili: moja mpya, na nyingine ya zamani, ndogo kama punje ya mahindi. Hiyo punje ndiyo iliyonifanya nisome historia hii.

Tuanze mwanzo. Hadi miaka ya 1960, aliyetaka kuona kiharusi kidogo ilibidi asubiri mgonjwa afe. Daktari C. Miller Fisher wa Boston alikata bongo za marehemu vipande vyembamba, akifuata mishipa isiyofika hata milimita moja kwa upana. Mwaka 1965 alichapisha makala kuhusu vishimo vidogo vilivyo ndani kabisa ya ubongo, na akavihusisha na presha iliyoharibu kuta za mishipa hiyo kwa miaka mingi.

Watu wa Tana wataelewa haraka. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na maji ya Tana yakahamia huko. Leo yanaingia baharini Kipini. Mto ukizibwa huku, hutafuta njia kule. Mishipa hii midogo haina mfereji wa pili. Mmoja ukiziba, shamba lake linakauka.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alichapisha hesabu za kujenga picha ya ndani ya mwili mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifikia wazo hilo peke yake. Tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine yake katika hospitali ya Atkinson Morley, London.

Kwa wenzangu wa kuandika programu: eksirei ilipita kichwani kutoka pembe 180, vipimo 160 kila pembe. Hizo ni namba 28,800. Kompyuta ikazitumia kutafuta thamani ya pikseli 80 kwa 80, yaani 6,400. Leo simu yako inaweza hesabu hiyo. Wawili hao walishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mashine hiyo ya CT ilitenganisha damu iliyovuja na mshipa ulioziba, jambo kubwa, maana dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Lakini kiharusi kidogo cha leo asubuhi mara nyingi kiliipita bila kuonekana. Hapo ikaja MRI. Miaka ya 1980 Denis Le Bihan alionyesha namna ya kupima mwendo wa maji ndani ya ubongo. Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake, wakitumia paka, walionyesha kwamba sehemu iliyokosa damu hujitokeza mapema sana, kwa sababu maji yake hayasogei tena kwa uhuru.

Hapo ndipo picha ikaanza kutaja chanzo. Alama moja ndogo iliyo ndani sana huelekeza kwenye presha na mishipa midogo. Alama nyingi pande zote mbili huelekeza kwenye moyo unaorusha mabonge ya damu. Alama za juu juu upande mmoja huelekeza kwenye mshipa wa shingo. Mwaka 2009 chama cha moyo cha Marekani kiliacha kuhesabu saa 24: dalili zikipita lakini ubongo ukawa umeumia, hicho ni kiharusi.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni kama kilomita 110, na mafuriko yakija barabara hukatika. Lakini mshtakiwa mkuu aliyefichuliwa na mashine hizi za mamilioni, yaani presha, hupimwa kwa kifaa cha kufunga mkononi. Mjomba hakuwahi kupimwa.

Basi ukiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, nenda hospitali hata kama yamepita. Usiende shambani.