Neno "Kuzalisha" katika Elimu ya Uwezekano

Aghalabu jambo la elimu hutangulia, jina lake likafuata nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa njia waitumiayo wanahisabati kujumlisha vigeu vya nasibu visivyotegemeana. Abraham de Moivre, Mprotestanti wa Ufaransa aliyehamia London, aliieleza katika kitabu chake cha 1730, wala hakuipa jina.

Na tuchukue dado tatu (neno hili tumelipokea kwa Wareno). Kila dado huandikiwa t + t² + t³ + t⁴ + t⁵ + t⁶, kipeo kikiwa idadi ya nukta. Maandiko hayo matatu yakizidishwa pamoja, vipeo hujijumlisha vyenyewe, na namba inayotangulia t¹⁰ hutokea kuwa 27. Maana yake, katika njia 216, njia 27 huleta jumla ya 10. Za kuleta 9 ni 25 tu. Kujumlisha kumegeuka kuzidisha, ila kwa sharti kwamba dado moja isiathiri nyingine.

Jina lilitolewa na Laplace katika makala iliyochapishwa mwaka 1782, kisha likaenea kwa kitabu chake kikubwa cha 1812: fankisheni zenye kuzalisha. Kwa rai yangu, Kiswahili hapa kinasema zaidi ya Kifaransa, kwani kwetu mzalisha ni mkunga pia. Mkunga hazai, humtoa aliyekwisha kuwamo. Weka eˢ mahali pa t, utwae wastani: kasi ya badiliko la fankisheni hiyo, s ikiwa 0, hutoa wastani wa kigeu, badiliko la badiliko hutoa wastani wa miraba yake, na kuendelea.

Namba hizo Karl Pearson aliziita "momenti" katika miaka ya 1890, akiazima neno la umekanika. Mfasiri aandikaye "muda" amepotoka: asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusogeza. Heri tuseme momenti.

Lakini kuna wakati mkunga hana la kutoa. Mgawanyo uitwao wa Cauchy, ambao Poisson aliutaja mapema, mwaka 1824, hauna hata wastani. Mwaka 1901 Lyapunov wa Urusi, akithibitisha kanuni kuu ya majumlisho, alikizidisha kipeo kwa kipeuo cha pili cha −1. Fankisheni ya namna hiyo haikosekani kwa kigeu chochote, na bado hugeuza kujumlisha kuwa kuzidisha.