Malipizi: Kuwajibika kwa Jirani Tuliyemkosea

Malipizi ni tendo la tatu la mwenye kutubu, likitanguliwa na majuto na maungamo. Waamini wengi huyafahamu kama sala chache wanazopewa na padre katika kiti cha maungamo, lakini hizo ni sehemu tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha katika namba 1459 kwamba maondoleo hufuta dhambi, ila hayatengenezi madhara yote iliyoyaleta. Aliyeiba hana budi kurudisha, na aliyechafua jina la mtu kulisafisha.

Kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, jambo hili huonekana waziwazi katika uvuvi wa dagaa. Mwenye chombo na wavuvi wake hugawana mapato baada ya kutoa gharama, na kila mmoja hutegemea uaminifu wa wenzake gizani. Mapato yakipungua asubuhi, husikika maneno haya: wavu umechanika, mafuta yamekwisha, fedha zimepotea. Vitenzi hivyo havina mtu ndani yake; kila kitu kimejitendea chenyewe. Mwenye kutubu humrejesha mtu huyo: nimeuchana, nimeyauza, nimezichukua. Wapo pia wasemao kwamba shetani aliwapitia, utetezi wa kale kuliko mitumbwi yetu, maana Hawa naye alimtaja nyoka, na Adamu akamtaja Hawa (Mwa 3:12-13).

Kanisa halimbebeshi mtu mzigo usio wake. Namba 1735 inakiri kwamba hofu, kutojua au kulazimishwa huweza kupunguza wajibu, hata kuuondoa. Mvuvi aliyekata wavu katika dhoruba ili kuokoa maisha ya wenzake hana dhambi ya kuungama. Kwa upande mwingine, mwenye chombo aliyeficha bei halisi ya dagaa ana deni kwa kila aliyekesha ziwani, nalo halifutiki kwa sadaka kubwa ya Dominika. Zakayo hakuishia kuwapa maskini. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Lk 19:8).

Fedha huhesabika. Lililo gumu zaidi ni jina. Aliyenong'ona pale mwalo wa Kibirizi kwamba jirani yake ni mchawi hawezi kuyakusanya maneno yaliyokwisha kufika Katonga na Ujiji, na huenda yule jirani ameanza kuogopwa hata na watoto. Anachoweza ni kuwarudia wale wale aliowaambia na kukiri kwamba alisema lisilo kweli. Namba 2487 inasema wajibu huo hubaki hata kama mkosaji amesamehewa. Kufidia hadharani kukishindikana, na kufanyike kwa siri.

Maswali mawili huulizwa mara kwa mara. Asiye na uwezo wa kulipa kwa mkupuo hulipa kidogo kidogo, mradi nia yake iwe ya kweli. Na ikiwa aliyedhulumiwa amefariki, haki hiyo ni ya warithi wake. Asipopatikana yeye wala warithi, labda alihamia ng'ambo ya ziwa na habari zake zikakatika, mapokeo ya Kanisa huelekeza mali hiyo kwa maskini.

Anayeogopa kujulikana anaweza kumwomba padre muungamishi airudishe mali kwa niaba yake. Siri ya maungamo inamfunga padre huyo asimtaje kamwe aliyeileta.