Data Iliyokusanywa kwa Bahasha

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo. Nataka tuzungumze juu ya data iliyokusanywa bila hata tarakilishi moja, na ambayo bado inawahusu watoto wa Homa Bay na Migori.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Ilikuwa saratani. Kisu hakikufua dafu, kwani uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mashine ya mionzi nayo Uganda haikuwapo.

Basi Burkitt akauliza swali ambalo sisi watu wa data tunalipenda: wapi? Alituma kwa posta vipeperushi vyenye picha kama 1,000 hivi kwa hospitali za Afrika. Majibu akayatia kwenye ramani. Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda gari la Ford lililokwishatumika, wakasafiri maili 10,000 hivi kutafuta mpaka wa ugonjwa.

Wakaupata. Huku kwetu, ukipita mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ugonjwa unakuwa adimu. Homa Bay iko ziwani, chini ya mstari huo. Panda gari hadi Kisii, umeshauvuka. Kumbe ilikuwa ramani ya mbu! Palipo na joto na mvua pana malaria, na malaria ya mara kwa mara huidhoofisha kinga ya mtoto.

Lakini malaria ni nusu tu ya kisa. Mwaka 1964, jijini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Mwaka huohuo, huko Glasgow, William Jarrett na wenzake waliripoti virusi katika saratani ya paka. Hata matibabu yanafanana. Paka mwenye uvimbe wa mahali pamoja hupasuliwa au hupigwa mionzi, lakini saratani ya limfu iliyosambaa hutaka dawa. Wagonjwa wa Burkitt nao walisaidiwa na dawa, methotreksati na saiklofosfamidi, na baadhi yao walipona kabisa.

Paka walipata chanjo ya virusi vyao mwaka 1985. Watoto wetu hawajapata ya virusi vya Epstein-Barr mpaka leo. Ila tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti nane za kwanza. Hiyo ni nusu ya kisa iliyoanza kushughulikiwa.

Kwa hiyo, waandishi wenzangu wa programu, mkitengeneza mfumo wa hospitali, msiache nafasi ya kujaza jina la kijiji.