Hitilafu za vifaa katika mtandao mdogo wa waya

Mtandao mdogo wa waya huwa na kompyuta chache, printa na pengine kamera za ulinzi, zote zimechomekwa kwenye swichi moja kwa kebo za shaba, nayo swichi ikaungwa kwenye ruta ya kampuni ya intaneti. Ndio unaoendesha shule, ofisi ndogo na maduka ya fotokopi katika mitaa kama ya Rwezamenyo, sekta ya Wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, jirani na Nyamirambo penye wasemaji wengi wa Kiswahili. Ukikatika, mteja aliyekuja kuomba hati kwenye Irembo, tovuti ya huduma za serikali, huambiwa arudi kesho, na lawama huangukia kampuni ya intaneti. Mara nyingi inaonewa bure.

Kwanza hupimwa ukubwa wa hitilafu. Kompyuta zikionana na printa ikachapisha, lakini intaneti hakuna, swichi haina kosa. Itazamwe ruta na waya unaotoka nje. Ikiwa ni kompyuta moja tu, kebo yake huhamishiwa tundu jingine la swichi, na isipofaa hubadilishwa kwa kebo iliyothibitika kuwa nzima. Kimoja baada ya kingine: ukibadili viwili kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu. Anwani ya IP inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta.

Kebo ndiyo mkosaji mkuu, hasa kwenye ncha zake. Ndani mna nyaya 8, yaani jozi 4 zilizosokotwa, na urefu wake hautakiwi kuzidi mita 100. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi 2 tu; ya megabiti 1,000 huzitaka zote. Ndiyo maana waya wa bluu au wa kahawia, yaani wa jozi zile nyingine mbili, ukikatika, taa huendelea kuwaka na mtumiaji hulalamika kwamba mtandao ni mzito tu.

Kosa gumu zaidi kuligundua ni la fundi aliyepanga rangi kwa mazoea: kijani kando ya kijani-nyeupe, badala ya kuziacha nafasi ya 3 na ya 6 huku jozi ya bluu ikikaa katikati. Akifanya vivyo hivyo ncha zote mbili, kipimo cha bei nafuu kitawasha taa 1 hadi 8 kwa mpangilio na kuipitisha kebo. Lakini ishara sasa inasafiri kwa nyaya zisizosokotwa pamoja, zinaingiliana, na kebo inayofaa mezani inakwama ikivutwa hadi chumba cha mwisho. Dawa ni kukata plagi na kubana upya. Kipimo kisiaminiwe kuliko macho.

Adapta ya umeme ya swichi nayo, ikichoka, hudanganya. Multimita huonyesha volti sahihi adapta ikiwa haina mzigo, kumbe swichi ikianza kazi hujizima na kujiwasha. Msimu wa mvua, radi hupitia shaba iliyovutwa kati ya majengo mawili na kuua matundu kadhaa ya swichi huku mengine yakibaki hai. Hapo faiba ndiyo ya kuvuta, kwa kuwa haipitishi umeme.

Taa zote zikipepesa kwa kasi moja na mtandao mzima ukaganda, hutafutwa kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ileile. Kebo huchomolewa moja moja hadi taa zitulie.