Kichwa cha Mfalme kwa Majora ya Nguo

Wadau wa South Coast, kila nikiposti kitu kuhusu Mreno komenti ni zilezile. Wengine, ati alikuja kwa ajili ya dini tu, msalaba dhidi ya mwezi. Wengine, sisi tulikuwa tumetulia zetu, tukavamiwa. Mimi chuo niliacha lakini kusoma sijaacha, na stori zote mbili zinanikwama nikifika mwaka 1614.

Hebu tuanzie Ulaya. Mwaka 1517 Luther aliinukia kanisa la Roma, na bara zima likagawanyika, Wakatoliki huku, Waprotestanti kule. Wareno wakabaki Wakatoliki, tena wakali. Papa alishampa mfalme wao mamlaka ya kusimamia kanisa katika nchi watakazofika, kwa hiyo padri na mfanyabiashara walipanda jahazi moja. Goa, makao yao makuu India, mwaka 1560 wakaanzisha mahakama ya kuwasaka Wakristo waliorudia dini zao za zamani. Hiyo mahakama iwekeni akilini.

Mombasa waliichoma 1505, na 1593 wakaanza kujenga ngome, wakaipa jina la Yesu. Sasa ngome ya Yesu kazi yake ilikuwa gani? Kulinda bandari, na pesa za bandari. Chombo kilichosafiri bila cheti cha Mreno kingeweza kutekwa na mali yake yote. Wakamleta rafiki yao mfalme wa Malindi, Muislamu, atawale Mombasa, wakamwahidi theluthi ya ushuru wa forodha. Muislamu na Mkatoliki kwenye meza moja wanagawana forodha. (Hata neno meza ni la Mreno. Leso pia, na mvinyo, na gereza, ambalo kwao lilikuwa kanisa.)

Mfalme akafa, akarithi mwanawe Hassan, na Hassan akakosana na kapteni wa ngome. Akakimbilia bara, upande wa Rabai. Huko ndiko alikouawa mwaka 1614, na waliomuua si Wareno. Ni watu ambao Wareno waliwaandika kwa jina la Musungulos, na wanahistoria wengi wanawaona kuwa mababu wa Mijikenda. Walilipwa nguo. Kichwa kikapelekwa Goa.

Najua hapa kuna Mdigo mwenzangu atasema hao ni wa Rabai, si sisi. Sawa, lakini tukiimba umoja wa Mijikenda tisa huwa hatuchagui. Nguo wakati ule ilikuwa mali hasa, si kitu cha kuchezea, na mtu wa bara kugombana na mfalme wa pwani halikuwa jambo geni. Waliofanya vile walikuwa na hesabu zao. Sitaki kuwaita wasaliti, ila msiniambie tulikuwa tumekaa tu tunatazama.

Mtoto wa Hassan, Yusuf, akapelekwa Goa akiwa mdogo. Akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, akapiganishwa vita vyao baharini, kisha akarudishwa Mombasa atawale kama mfalme Mkristo. Kiti alikuwa nacho, jina alikuwa nalo. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake, na mtu akataka kumshtaki Goa. Mnaikumbuka ile mahakama? Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, na waliobaki wakaambiwa wasilimu au wafe. 1632 meli zikatoka Goa kumtoa, zikashindwa. Baadaye akaondoka mwenyewe na meli ya kuteka, akawa haramia, na 1638 akafa upande wa Bahari ya Shamu.

Hapo ndipo wale wa "kila kitu ni pesa" nao wananipoteza. Hesabu ya forodha haielezi mtu kusimama usiku kwenye kaburi la baba aliyemkosa tangu utotoni.

Dini ya Mreno kwa watu wetu haikushika. Msikiti wa Kongo pale Diani bado unasaliwa. Kilichoshika ni vitu visivyohubiriwa na mtu: mahindi, muhogo, na mkorosho ambao asili yake ni Brazil na leo ukipita Msambweni unaona kama umekuwepo tangu Nabii Nuhu. Sima ya kwetu ni ya jana tu, jamani.

Siku ukivuka feri Likoni, ingia Fort Jesus, utazame juu ya lango. Kuna maandishi ya Kireno ya kapteni aliyeteuliwa 1635 akiwa na miaka 27, amenizidi kidogo tu, anajisifu alivyoutiisha mwambao baada ya uasi wa Yusuf. Anataja Pate. Anataja Pemba. Na katika orodha ya aliowaadhibu wamo Musungulos, watu walewale wa nguo.