Msitu Ulio Chini ya Majivu: Miombo ya Likasi Inavyorudi Baada ya Moto

Mwishoni mwa Agosti vilima vinavyoizunguka Likasi, mji wa mkoa wa Haut-Katanga kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huwa na rangi mbili. Chini ni nyeusi: moto umepita, nyasi zimekwisha, majivu yamelala juu ya udongo mwekundu. Juu, kwenye matawi, majani mapya ya miombo yamekwisha kutoka, mekundu kama shaba iliyosuguliwa, ilhali mvua ya kwanza bado iko mbali. Mti hauyatoi majani hayo kwa mvua. Huyatoa kwa maji yaliyo kwenye kina cha ardhi na kwa wanga uliowekwa akiba ndani ya mizizi na shina. Anayetaka kujua namna msitu huu unavyorudi baada ya moto inafaa aanzie hapo, kwenye hiyo akiba isiyoonekana.

Msitu wa mvua wa Bonde la Kongo, mamia ya kilomita kaskazini, hufuata kanuni nyingine. Miti mingi ya huko ina gome jembamba, na moto mdogo unaotambaa kwenye majani makavu waweza kuua mti mkubwa. Ukiungua, kurudi kwake hutegemea sana mbegu zinazoletwa na ndege, popo, nyani na upepo kutoka msitu uliosalia jirani. Maelezo mengi ya vitabuni kuhusu misitu ya tropiki na moto yametokana na misitu ya aina hiyo, na yakihamishiwa Haut-Katanga bila kupimwa hupotosha. Katika miombo, sehemu kubwa ya msitu wa kesho tayari imo ardhini siku moto unapopita. Kinachoamua hatima yake ni mwezi wa moto, urefu wa mapumziko kati ya moto mmoja na mwingine, na kazi iliyofanywa na shoka kabla ya kiberiti.

Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za ukoloni, iko kwenye kimo cha mita 1,300 hivi. Mvua yake, milimita 1,200 au kupita kidogo kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, na nyasi za jamii ya Hyparrhenia, ambazo mwishoni mwa masika humzidi mtu kimo, hugeuka kuni. Moto mwingi huwashwa na watu: wa kusafisha shamba, wa kuwatoa panya mashimoni, wa kurina asali, wa kufungua njia. Radi nayo huwasha, lakini huja na mawingu ya mvua, kwa hiyo moto wake ni wa mwisho wa kiangazi.

Miti inayotawala hapa ni ya jenasi za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Maganda yake hupasuka kwa kishindo wakati wa ukavu na kurusha mbegu mbali kidogo tu na mti mama. Mbegu hizo hazilali udongoni miaka mingi zikingoja nafasi: huota na mvua za mwanzo au huoza. Moto ukipita baada ya mbegu kuanguka, nyingi huungua juu ya ardhi. Kama kurudi kwa msitu kungetegemea mbegu peke yake, miombo ingekwisha zamani.

Wokovu wake ni uchipukaji. Mche unaoota hutumia miaka yake ya kwanza kujenga mzizi, na kijishina chake huungua au kukauka kila kiangazi, kisha hutoka kingine. Mninga, Pterocarpus angolensis, ndio mfano maarufu: waweza kuishi hivyo miaka kumi na zaidi, ukionekana kama mche wa jana, mpaka siku mzizi unapopata nguvu ya kusukuma shina moja lipite kimo cha miali. Mti mkubwa uliokatwa nao hutoa machipukizi mengi kwenye kisiki na mizizi, na machipukizi hayo, yakilishwa na mzizi wa zamani, hukua kwa kasi ambayo mche wa mbegu hauiwezi. Ipo hata mimea iliyozama kabisa, yenye mbao na matawi chini ya ardhi, inayotoa nje majani na maua tu. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea Frank White aliiita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika. Mmoja wa mimea hiyo, Brachystegia russelliae, ni ndugu wa karibu wa miti mirefu ya miombo.

Je, akiba hiyo ya mizizi huvumilia moto wa kila aina? Jibu bora lilipatikana ng'ambo ya mpaka, Ndola, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, nchi yenye miti na hali ya hewa karibu sawa na ya Likasi. Kuanzia miaka ya 1930 viwanja vya msitu viligawanywa: vingine vilikingwa na moto kabisa, vingine vilichomwa mapema kila mwaka, nyasi zikiwa bado na ubichi, na vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi. C. G. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Viwanja vya moto wa mapema vilibaki msitu. Vilivyokingwa vilianza kujaa vichaka na mitambaazi isiyopukutisha majani. Vya moto wa mwisho wa kiangazi viligeuka kuwa nyasi zenye miti michache ya spishi zinazostahimili, na miombo yenyewe ikatoweka polepole.

Tofauti ya miezi michache tu yaweza kuonekana ndogo mno kuleta matokeo makubwa namna hiyo. Lakini mwezi Juni nyasi hazijakauka zote, moto ni mfupi na huacha mabaka yasiyoungua. Miti nayo imepumzika, wanga wake umo mizizini. Mwezi Oktoba nyasi ni kavu, joto limefikia kilele, na mti umekwisha kutumia sehemu kubwa ya akiba yake kutoa yale majani mekundu. Moto ukiyachoma, mti hulazimika kuanza upya na hazina iliyopungua. Ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, hata mzizi mkubwa hufilisika.

Hatari ya pili ni mtego wa kimo. Shina changa likiungua kila mwaka hubaki ndani ya nyasi, na likibaki ndani ya nyasi halitoi kivuli cha kuzipunguza, nazo zikistawi huupa moto wa mwaka ujao kuni zaidi. Sehemu iliyonaswa hivyo yaweza kuwa na maelfu ya mizizi hai kwa hekta bila mti hata mmoja wa kuegemea. Picha ya setilaiti itaonyesha kijani kila masika, na mtazamaji wa haraka atasema msitu umerudi. Kilichorudi ni majani.

Utaratibu wa kutoka mtegoni ulielezwa vizuri na R. M. Lawton mwaka 1978, akichunguza mimea ya kaskazini mwa Zambia. Alianza na chipya, jina la Kibemba la pori la nyasi ndefu linalowaka vikali, ambamo husimama miti migumu kama mninga, mbula na Erythrophleum africanum. Ndani ya pori hilo huingia Uapaca, miti ya masuku, ambayo matunda yake hupendwa kotekote Katanga. Majani yake makubwa huleta kivuli kizito. Chini yake nyasi hudhoofika na moto hukosa chakula. Hapo ndipo Brachystegia na Julbernardia hupata pa kukulia, na zikishapanda juu humfunika mlinzi wao. Kwa maoni ya makala haya, kipimo cha kurudi kwa msitu ni hicho: idadi ya mashina yaliyovuka kimo cha miali, na iwapo miti ya kivuli imeingia.

Kuvu nao wana sehemu yao. Mizizi ya miti inayotawala miombo huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni, ambao matunda yao ni uyoga unaouzwa kando ya barabara za Katanga wakati wa mvua. Miti ikiondoka kwa muda mrefu, kuvu hao hupungua, na mche unaoota mbali na mti mzazi hukosa mshirika. Ndiyo sababu moja ya miombo kuchelewa kurudi katika shamba lililolimwa miaka mingi, hata lisipochomwa tena.

Lakini msitu unaorudi si lazima uwe wa aina moja. Mwaka 1974 Freson, Goffinet na Malaisse walieleza ngazi ya kushuka katika Haut-Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba ya Juu: muhulu, miombo, kisha savana. Muhulu ni msitu mkavu usiopukutisha majani yote. Mmoja wa miti yake, Entandrophragma delevoyi, una jina la Delevoy, Mbelgiji aliyeandika juu ya misitu ya Katanga miaka ya 1920. Leo muhulu umebaki vipande. Kwa hiyo miombo yenyewe, inayotajwa kama msitu wa asili unaohitaji kurejeshwa, katika sehemu nyingine ni matokeo ya moto wa zamani.

Zipo pia sehemu zisizofuata ngazi hiyo. Vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba, vina udongo wao na miti yao, na kwa kuwa nyasi ni chache juu yake moto mara nyingi huvizunguka tu. Vilima vyenye shaba nyingi udongoni, vilivyowaongoza wachimbaji tangu kale, havina miti, uwe moto umepita au haukupita; kuvihesabu kama msitu ulioungua ni kosa.

Neno makala, ambalo majarida hulitumia kwa maandishi kama haya, sokoni Likasi lina maana ya mkaa kwanza. Mkaa ndio uliobadilisha hesabu yote iliyotangulia. Ukataji peke yake hauui miombo: Emmanuel Chidumayo wa Zambia, aliyefuatilia viwanja vya kudumu kwa miaka 22, alionyesha kwamba msitu uliokatwa kwa mkaa hurudi kwa machipukizi ukiachwa. Lakini ukataji hufungua mwavuli wa majani, nyasi huongezeka, na matawi yaliyoachwa hukauka chini. Machipukizi hukutwa na moto mkali kuliko ule ambao mti mama uliwahi kuuona. Mkataji akirudi kabla hayajakomaa, au kisiki kikang'olewa kwa ajili ya shamba la mahindi, akiba ya mizizi hukatika. Mahali tanuri la udongo lilipowaka kwa siku kadhaa mizizi hupikwa pamoja na mbegu, na duara hilo jeusi hubaki likitambulika miaka mingi katikati ya machipukizi yanayolizunguka.