Simba Hatoweki Hivi Hivi

Habari za wanyamapori wa Rwanda zikiandikwa kwa Kiswahili, hazikawii kufika kwenye sentensi hii: simba walitoweka katika Hifadhi ya Akagera, kisha wakarejeshwa. Sarufi yake haina kasoro. Kinachonikera ni kile kitenzi cha kwanza. Toweka kina sura ya kauli ya kutendeka, jamaa moja na vunjika, haribika na mwagika. Mtoto anayesema "kikombe kimevunjika" anajua anachofanya: anakitaja kikombe na kuuficha mkono.

Mkono wa Akagera haujafichika. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni, baadhi yao kwa zaidi ya miongo mitatu, walirudi nyumbani na mifugo yao katika nchi isiyozidi kilomita za mraba 27,000. Ardhi ilitoka wapi? Mwaka 1997 mipaka ya Akagera ilichorwa upya, na hifadhi iliyokuwa na kilomita za mraba kama 2,500 ikabaki na chini ya nusu yake. Simba na ng'ombe wakajikuta kwenye malisho mamoja. Wafugaji waliwaua simba, wengine kwa sumu, na miaka michache baadaye hakusikika tena ngurumo ya simba Rwanda.

Sasa rudisha hadithi hiyo ndani ya neno walitoweka uone kinachobaki. Muuaji hayumo, lakini hata dhiki yake haimo: mtu aliyerudi kwao baada ya miaka thelathini, utajiri wake wote una kwato nne nne, na usiku mnyama anamrukia ndama. Kauli ya kutendwa ingembebesha lawama, ila ingempa pia nafasi ya kujieleza. Kutoweka hakumpi hata hiyo.

Wala Kiswahili hakijapungukiwa. Kuna towesha, kuna angamiza, kuna tokomeza. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilipowavamia majangili, msako wenyewe uliitwa Operesheni Tokomeza. Tunapomsema jangili, kitenzi kinakuja na mtenda wake. Tunapomsema mnyama, tunaona aibu, naye anatoweka mwenyewe kama umande.

Kitenzi cha pili, rejesha, nacho kina mambo yake. Mwaka 2015 simba saba waliletwa Akagera kutoka Afrika Kusini. Hao saba hawakuwahi kuikanyaga Rwanda, kwa hiyo kilichorejeshwa ni jamii, ilhali wale wa zamani wamekwisha kufa. Nalikubali neno hapo kwa kuwa simba ni wa nchi ile tangu enzi. Nalikubali pia kwa faru weusi 18 waliopelekwa mwaka 2017, kwani katika miaka ya 1970 Akagera ilikuwa na faru weusi zaidi ya 50. Lakini mwaka 2021 walipakiwa ndegeni faru weupe 30 kutoka Afrika Kusini, na faru mweupe si mwenyeji wa Rwanda. Hao waliletwa, au waliingizwa. Hali kadhalika twiga, ambao asili yao ni Kenya na walifika Akagera mwaka 1986. Anayesema faru weupe "wamerejeshwa" amewatungia ukoo ambao hawakuwa nao.

Katika msamiati huu wote, neno linalonisumbua kuliko mengine ni kuhamisha, kwa vile ni pole mno. Mwaka 1975 tembo wa Bugesera, kusini mwa Kigali, walikuwa wakigombana na wakulima. Kumbukumbu za uhifadhi zinasema tembo 26 walihamishiwa Akagera, na wazao wao wako huko hadi leo. Ni kweli. Ila waliohamishwa walikuwa watoto, wadogo kiasi cha kubebeka. Wakubwa walipigwa risasi. Mmoja wa wale watoto alikuja kuwa dume mashuhuri, Mutware, maana yake chifu, aliyekuwa akiyaandama magari ya watalii na aliyekufa mwaka 2018. Watu walizoea kumwita mkorofi. Ripoti ikiandika "walihamishwa" na kuweka nukta, msomaji hana njia ya kujua kwamba tembo huyo alikulia kwenye kundi lisilo na mama wala bibi, na kwa tembo hao ndio walimu.

Jina la mnyama nalo linaweza kuvuruga hesabu. Gazeti likisema "Rwanda ina sokwe", ni sokwe gani? Kaskazini-magharibi, kwenye mianzi ya Hifadhi ya Volkano, yuko yule mkubwa mwenye kifua kipana ambaye muda mwingi hukaa chini akichuma majani. Kusini-magharibi, msitu wa Nyungwe hauna hata mmoja wa aina hiyo. Huko yuko sokwe mtu, mwembamba, mpanda miti, mwenye makelele. Kiswahili cha kawaida huwatia wote wawili kwenye mfuko wa sokwe. Kinyarwanda humwita yule mkubwa ingagi na mambo yakaisha. Sisi tuna gorila, neno lililokwisha kuzoeleka, na sioni sababu ya kulionea haya panapotajwa takwimu. Ukijumlisha sokwe na sokwe unapata jibu lisilo na maana.

Na takwimu zenyewe zinapatikanaje? Tunasema gorila "walihesabiwa", msomaji akadhani watu walisimama wakawanyooshea kidole mmoja mmoja. Kila jioni gorila hujitengenezea kiota kipya, hulala humo, na asubuhi huacha kinyesi. Katika sensa ya safu ya milima ya Virunga ya 2015 na 2016, vikosi vilipita msituni vikitafuta viota na kuokota sampuli za vinyesi, maabara ikasoma vinasaba kujua nani ni nani. Hesabu ikawa gorila 604, kutoka 254 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2010 walikuwa 480. Akagera ina njia nyingine: wanyama huhesabiwa kwa ndege, na mwandishi asiyekuwa mwangalifu akiandika "hesabu ya ndege", msomaji atauliza kama ni korongo au helikopta.

Lile 604 ni la safu nzima, na safu ni ya nchi tatu: Rwanda, Uganda na Kongo. Hapo ndipo -a unganifu inapotuingiza mkenge. "Gorila wa Rwanda" kinawafanya mali ya nchi. "Gorila walioko Rwanda" kinasema mahali walipo leo. Kundi liitwalo Hirwa, jina la Kinyarwanda lenye maana ya mwenye bahati, lilivuka kutoka Rwanda mwaka 2019 likaingia Mgahinga, Uganda. Februari 2020 wanne kati yao walikutwa wamekufa, ikidhaniwa ni radi, na mmoja alikuwa na mimba. Viandikwe vifo vya nchi gani? Kwa nchi ndogo yenye wanyama wanaopita mpakani bila kibali, walioko ndilo neno la kweli.

Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, kwa hiyo maneno haya yataingia katika vitabu vya shule vya huko na katika taarifa za serikali. Kwa mhariri anayeyapitia nina maombi machache. Akikuta wametoweka, amuulize mwandishi nani aliwatowesha na kwa nini. Akikuta wamerejeshwa, aulize kama waliwahi kuwapo. Akikuta wamehamishwa, aulize nani aliachwa nyuma. Na akikuta tarakimu, aulize ni ya mnyama gani, wa eneo gani, na ilipatikanaje. Majibu hayatazidi mstari mmoja mmoja. Yakikosekana, ajue kwamba ripoti iliyo mezani pake bado haijaandikwa.